Core i5 ya Mwaka Gani? Soko la Kompyuta za Ofisi Baada ya Windows 10

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo, au Moi Avenue jijini Nairobi, utakuta kibandiko kilekile kwenye mashine zilizopangwa mbele: Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256. Mashine mbili zenye maneno hayohayo zinaweza kupishana bei kwa pesa ya kununulia simu, na ukiuliza sababu unajibiwa haraka, "Hii kali zaidi, bosi. Ile ya kawaida." Muuzaji hasemi uongo. Anajua vizuri kwa nini moja ni ghali na nyingine ni rahisi, ila hilo analolijua halijaandikwa kwenye kibandiko, na tangu Oktoba 2025 limekuwa jambo kubwa kuliko yote matatu yaliyoandikwa.

Sehemu kubwa ya kompyuta mpakato wanazonunua wahasibu, mawakili, walimu na ofisi ndogo za ukanda huu ni za mtumba. Kampuni na idara za serikali za Ulaya na Marekani huchukua mashine kwa mafungu, mara nyingi kwa mkataba wa kukodi, huzitumia miaka mitatu hadi mitano, kisha huzirudisha zote kwa mpigo. Wanunuzi wa jumla huzikusanya, hufuta data, huzipanga kwa daraja A, B na C kulingana na mikwaruzo na hali ya betri, halafu huziuza kwa kontena au kwa paleti. Mzigo wa Afrika Mashariki hupita sana Dubai na maghala ya Sharjah. Mwingine hutoka Uingereza moja kwa moja, ndiyo maana kwa wafanyabiashara wa Nairobi "ex-UK" imekuwa sifa ya kuuzia. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaiweka kompyuta kwenye asilimia sifuri, kwa hiyo bei unayoikuta dukani ni gharama ya kuinunua huko, nauli, kodi nyingine za nchi husika na faida ya kila mkono uliougusa mzigo njiani.

Maana yake ni kwamba bidhaa tunayoletewa haiamuliwi na mahitaji yetu. Inaamuliwa na siku ambayo ofisi ya Manchester au Frankfurt imeamua kubadilisha mashine zake. Na siku hiyo ilipangwa na Microsoft: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizikubali rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kampuni zilizokuwa bado na mashine za kizazi cha sita na cha saba hazikuwa na sababu ya kuzishikilia. Zikauza. Mashine hizo ni imara, za chuma na plastiki ngumu, zina kibodi nzuri, na kwa macho hazina kasoro. Ndizo zinazojaza mashelfu kwa bei ya kuvutia.

Chukua ThinkPad T470 na T480. Umbo ni moja, rangi ni moja, mfumo wa betri mbili ni uleule, moja ndani na nyingine ya kuchomoa. Anayeuza mashine hizi kila siku huzitofautisha kwa kusoma maandishi madogo pembeni mwa kioo. Ndani, T470 yenye i5-7300U ina viini viwili vya uchakataji. T480 yenye i5-8350U ina vinne. Kizazi cha nane ndipo Intel ilipoongeza viini maradufu kwenye daraja hilo la prosesa za mpakato, na ndio mpaka ambao Microsoft iliuchora. Kwa hiyo tofauti ya modeli moja tu, ambayo mnunuzi huiona kama tofauti ya tarakimu, ni tofauti ya mashine yenye njia ya kwenda mbele na mashine iliyofika mwisho wa barabara.

Jina la modeli nalo halitoshi. Dell Latitude 5490 ilitoka na prosesa za kizazi cha saba na za kizazi cha nane pia, kasha lilelile. Dawa ni kusoma namba nzima ya prosesa. Iwashe mashine, fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa za mfumo. Tarakimu ya kwanza, au mbili za kwanza, baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: i5-7300U ni cha saba, i5-8350U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Panapowachanganya wengi ni i5-1135G7, ambayo ni ya kizazi cha kumi na moja ingawa namba yake inaonekana ndogo. Herufi ya U mwishoni ni prosesa ya kubana umeme, inayofaa kazi za ofisi. H ni ya nguvu zaidi, na hula betri kwa kasi. Tangu mwisho wa 2023 Intel imeanza kutumia jina la Core Ultra kwa mashine mpya, lakini hizo bado ni chache kwenye mtumba.

Utaambiwa, "Mbona hii ya kizazi cha sita ina Windows 11 na inafanya kazi?" Ni kweli inafanya. Kuna njia ya kuruka ukaguzi wakati wa kuisimika, na mafundi wengi wanaijua. Microsoft yenyewe inasema mashine kama hiyo haina haki ya kudai masasisho. Mtu anayeandika barua na kuangalia filamu anaweza kuishi na hilo. Ofisi inayofanya malipo ya benki na kuwasilisha ritani za kodi mtandaoni inajiweka pabaya. Wanaotaka kubaki na Windows 10 wana mpango wa masasisho ya ziada: mtumiaji wa nyumbani anafika nao hadi 13 Oktoba 2026, na kampuni hulipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kiasi kinachoongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Piga hesabu ya miaka yote mitatu, utaona kuwa nafuu uliyoipata Kariakoo imekwenda yote. Njia ya tatu ni Linux. Mashine ya kizazi cha sita iliyowekewa Ubuntu na LibreOffice bado ni mashine nzuri sana, na naona shule na vituo vya huduma za mtandao vinaipuuza bila sababu ya msingi.

Baada ya prosesa linakuja suala la RAM, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kununua kidogo. GB 8 zilitosha miaka iliyopita. Leo kivinjari chenye vichupo kumi, WhatsApp ya kompyuta, Excel na mkutano wa Zoom vikiwa wazi kwa pamoja huzimaliza, na mashine huanza kuhamishia kazi kwenye diski. Hapo mwenye nayo hulalamika kuwa prosesa ni dhaifu, kumbe ni kumbukumbu. Kwa kazi ya ofisi GB 16 ndicho kiwango. Lakini swali la maana zaidi ni kama mashine inaongezeka. T480 ina nafasi mbili za RAM, unaweza kununua ya GB 8 leo na kuongeza baadaye. T480s ina nafasi moja, RAM nyingine imeunganishwa kwenye ubao. X1 Carbon, ile nyembamba inayopendwa na wakurugenzi, imeunganishwa yote. Utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, hivyo ile hesabu ya zamani ya "nitaongeza baadaye, ni bei rahisi" inabidi uifanye upya kabla ya kulipa.

Diski haihitaji maneno mengi. SSD ni lazima, GB 256 zinatosha kwa anayehifadhi nyaraka, na tofauti kati ya SSD ya SATA na ya NVMe hutaiona kwenye Word. Mwambie muuzaji afungue programu ya kupima afya ya diski, kama CrystalDiskInfo, usome asilimia. Anayekataa ana sababu.

Betri ndiyo inayostahili dakika zako nyingi dukani. Tanzania ilipita kwenye mgawo wa umeme mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha, na Kenya ilikumbwa na giza la nchi nzima Agosti 2023. Umeme unakatika. Betri ya saa-wati 50 kwenye mashine inayotumia wati 7 kwa kazi nyepesi hutoa saa saba hivi ikiwa mpya. Ikibaki na asilimia 60 ya uwezo wake, unapata saa nne na kidogo. Muuzaji atakuonyesha alama ya betri iliyojaa asilimia 100, lakini alama hiyo haikuambii mia ya kitu gani. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa: linataja uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Gawanya cha sasa kwa cha kwanza. Ni kazi ya dakika moja na inakuonyesha kitu ambacho hakuna kibandiko kitakionyesha. Angalia pia kama mashine inachaji kwa USB-C. Modeli nyingi za biashara za kuanzia 2018 zinachaji hivyo, na hilo linakuokoa na chaja bandia zinazouzwa barabarani, tena unaweza kuichaji kwa pawabanki kubwa ya wati 45 au 65 siku giza likiingia.

Kioo nacho kina bei yake iliyofichwa. Mashine za ofisi za miaka hiyo zilitoka na vioo vya aina mbili au tatu kwenye modeli ileile, na zile za bei ya chini zilipewa azimio la 1366 kwa 768. Mhasibu anayefungua jedwali lenye safu ishirini ataichukia ndani ya wiki. Dai 1920 kwa 1080, kisha inamisha kioo pembeni; rangi zikigeuka kuwa za kijivu, hicho ni kioo cha zamani.

Kibodi hueleza mashine ilikotoka. Iliyotoka Ujerumani ina Z mahali pa Y, ya Ufaransa inaanza na A mahali pa Q. Wauzaji hubandika stika za herufi juu yake, na stika hizo hubanduka mwezi wa pili kwa jasho la vidole. Mwenye kuandika bila kuangalia kibodi anaweza kuzichukua mashine hizi kwa punguzo la maana. Wengine waziache.

Hatari kubwa zaidi haionekani kabisa. Mashine nyingi za kampuni huwa zimefungwa na mwenyewe wa kwanza: nywila ya BIOS, programu ya kufuatilia iliyo ndani ya ubao, au usajili unaoifanya mashine iulize barua pepe ya kampuni ya ng'ambo kila ikifutwa upya. Ikiwa imewekewa Windows bila intaneti, kufuli hilo halijitokezi dukani. Linajitokeza mezani kwako miezi sita baadaye. Kwa hiyo ingia BIOS mbele ya muuzaji, kisha iunganishe na intaneti ya simu yako na uirudishe kwenye hali ya kiwandani hapohapo. Kwa MacBook, hakikisha haijafungwa na akaunti ya Apple ya mtu mwingine, na epuka zile za prosesa ya Intel: Apple ilishatangaza Juni 2025 kuwa macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kuzihudumia. MacBook Air ya M1 ya 2020 ni nzuri, ila RAM yake haiongezeki.

Wapo wanaosema heri mpya ndani ya boksi. Kwa bei ya mtumba mzuri, boksi hilo kwa kawaida lina Celeron, RAM GB 4 iliyounganishwa kwenye ubao na hifadhi ya eMMC GB 64 badala ya SSD. Waranti ipo, lakini ni waranti ya mashine ambayo haitaiweza kazi. EliteBook ya miaka mitano inaishinda bila jasho. Hoja ya mpya inapata nguvu unaponunua kumi kwa mpigo kwa ajili ya kampuni, maana hapo unahitaji mashine zinazofanana, huduma ya dhamana na hesabu safi za kodi. Tanzania huruhusu kompyuta ishuke thamani kwa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka, na mhasibu wako atataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nchini Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya kodi, haikubaliki kupunguza kodi. Duka linalokupa "bei ya bila risiti" linakuhamishia kodi yake.

Risiti zenyewe nyingi zinaandikwa "laptop HP i5". Ukirudi nayo kulalamika kuwa ulitaka kizazi cha nane ukapewa cha saba, huna hoja, kwa sababu zote ni HP na zote ni i5. Wenye maduka wangejijengea jina kwa kuandika namba nzima ya prosesa kwenye kibandiko cha bei, kwani wao wanaijua tayari. Hadi watakapofanya hivyo, mnunuzi usilipe kabla ya kuona modeli, namba ya prosesa, kiasi cha RAM na uwezo wa betri vimeandikwa kwenye risiti, na siku za kurudisha zimetajwa.