Kenya: jani linaloota ikweta na kuliwa Ulaya

Baadhi ya majani ya viungo ambayo wapishi wa London na Amsterdam huyanyunyiza juu ya samaki, viazi na supu huchumwa katika mashamba ya Naivasha, Thika na chini ya Mlima Kenya. Rihani, rozimeri, taimu, parsili na nanaa hukatwa asubuhi, hupozwa, hufungwa katika vifurushi vidogo, na kupakiwa ndegeni zikiwa bado mbichi.

Biashara hii huzusha maswali mawili. La kwanza ni vipi mimea tunayoizoea kuiita ya Kizungu inastawi chini ya jua la ikweta. La pili, ambalo ni zito zaidi kwa mkulima, ni nani atakayeila siku ambayo ndege haitaruka.

Mwinuko ndio unaoamua

Watu wengi hudhani kwamba nchi za joto zina hali ya hewa moja. Kwa kweli, kila mtu apandapo mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Kwa hiyo hewa yake ni baridi kuliko ya Mombasa kwa nyuzi kama 10 hivi, ingawa miji hiyo miwili imo katika nchi moja.

Pamoja na ubaridi huo, ikweta ina neema nyingine: mchana wake una saa zipatazo 12 mwaka mzima. Mwishoni mwa Desemba, mchana wa London haufiki saa 8, na bustani za nje hulala. Huo ndio mlango ambao mkulima wa Kenya ameuingilia: yeye huvuna wakati mwenzake wa kaskazini anasubiri majira ya kuchipua.

Makundi matatu, tabia tatu

Ni kosa kuilea mimea hii yote kwa namna moja. Kundi la kwanza ni rozimeri, taimu, oregano na seji, mimea ya vilima vikavu vya Bahari ya Kati. Hii haiogopi jua; inachoogopa ni maji kutuama kwenye mizizi na unyevu mwingi hewani. Ndiyo sababu rozimeri hupandwa hata kuwa ua wa nyumba katika vitongoji vya Nairobi, ilhali katika joto lenye unyevu la pwani mara nyingi hudhoofika na kuoza.

Kundi la pili ni la majani laini: parsili, shibiti na giligilani, ambayo Wakenya huiita dania na watu wa pwani kotmiri. Haya hupenda ubaridi. Giligilani na shibiti zikipandwa mahali penye joto kali hukimbilia kutoa maua, na majani huwa machache. Parsili ina tabia iliyo kinyume: kwa kawaida haitoi maua mpaka ionje baridi, hivyo katika nchi ya joto huendelea kutoa majani kwa muda mrefu, lakini mkulima hulazimika kununua mbegu kila mara.

Kundi la tatu lina rihani, ambayo Ulaya iliipokea kutoka nchi za joto. Katika pwani ya Waswahili rihani ni jani la kale: huchanganywa na asumini katika kikuba, na ndugu yake kivumbasi hujulikana kwa kufukuza mbu. Rihani hupenda joto, na adui yake mkubwa ni ukungu uitwao ubwiri unyoya, unaogeuza majani kuwa ya njano juu na kuyatia vumbi la kijivu chini. Ugonjwa huo uliripotiwa kwanza nchini Uganda katika miaka ya 1930, ukaonekana Uswisi mwaka 2001, na kufika Marekani mwaka 2007.

Buu mmoja, mzigo mzima

Kulima, hata hivyo, ni nusu ya safari. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, Umoja wa Ulaya hudai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila zao bichi liingialo, isipokuwa matunda matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Nchini Kenya cheti hicho hutolewa na KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua afya ya mimea.

Mkaguzi hutafuta, pamoja na mengine, buu wa nzi mdogo anayechimba njia nyembamba ndani ya jani. Akionekana mmoja, mzigo wote unaweza kuzuiwa au kuteketezwa. Masalia ya dawa nayo hupimwa kwa ukali, kwa kuwa majani haya huliwa mara nyingi yakiwa mabichi. Mkulima hujikuta kati ya moto miwili: asiponyunyiza, mdudu atamwangusha; akinyunyiza kupita kiasi au karibu na siku ya kuvuna, dawa itamwangusha.

Kisha kuna ndege yenyewe. Aprili 2010, majivu ya volkeno ya Eyjafjallajökull nchini Iceland yalipofunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, maua na mboga za Kenya ziliozea maghalani. Machi 2020, safari za abiria zilipositishwa kwa sababu ya korona, nafasi ya mizigo iliyokuwa matumboni mwa ndege hizo ilitoweka pia. Maharage yakikosa ndege, jirani atayanunua. Kilo 500 za taimu hazina jirani wa kuzinunua. Na pale ambapo mkataba humlipa mkulima kwa uzito uliopokelewa tu, hasara yote humwangukia yeye.

Kwa sababu hiyo, soko la nyumbani lina thamani kubwa kuliko bei yake. Hoteli, migahawa na maduka makubwa ya miji yetu hununua kidogo, lakini hununua bila kungoja ndege. Anayefikiri kuiga mfano wa Kenya angeanza kwa kuuliza ni nani karibu naye atakayenunua, kabla hajauliza bei ya Ulaya.

Kwa anayepanda na anayenunua

Kigali iko karibu mita 1,500, Kampala karibu 1,200, na Bujumbura karibu 800. Anayeishi Kigali anaweza kujaribu karibu yote yaliyotajwa hapa. Bujumbura ni bora kuanza na rihani na nanaa, na kuipa parsili kivuli cha mchana.

Rozimeri haihitaji mbegu: kata tawi changa la urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, lichomeke katika udongo uliochanganywa na mchanga, ndani ya chombo chenye matundu. Mbegu za parsili ziloweshwe usiku mmoja, nazo huweza kuchukua wiki 3 au 4 kuota. Wengi hukata tamaa mapema. Giligilani ipandwe kidogo kidogo kila baada ya wiki 3, bila kuhamishwa. Rihani ikatwe ncha kabla ya kuchanua.

Tahadhari moja ni ya mbegu za tarragoni. Tarragoni ya Kifaransa haizai mbegu zinazoota. Kinachouzwa katika pakiti kwa kawaida ni tarragoni ya Kirusi, yenye ladha hafifu.

Sokoni, usiiweke rihani mbichi kwenye friji, kwani baridi huyatia majani weusi. Isimamishe katika bilauri ya maji. Parsili na giligilani zifungwe katika kitambaa chenye unyevu, kisha ziwekwe frijini. Zilizokaushwa, nunua rozimeri, taimu na oregano, ambazo huhifadhi ladha. Kijiko 1 hutosha mahali pa vijiko 3 vya majani mabichi. Parsili iliyokaushwa hubaki na rangi, ladha ikiwa imekwenda.