Je, Wajua? Kila Programu ya Kazi Ina Ukoo Wake

Je, wajua kwamba waandishi wa Azimio la Ajaili, maandishi yanayotajwa na karibu kila muuzaji wa programu za kusimamia miradi, walianza kwa kuziweka zana katika nafasi ya pili? Ilikuwa tarehe 11 hadi 13 Februari 2001, huko Snowbird, kwenye milima ya Wasatch, jimbo la Utah nchini Marekani, mahali ambapo watu huenda kuteleza juu ya theluji. Watengenezaji programu 17 walikutana wakiwa wamechoshwa na miradi iliyozama kwenye makaratasi kabla hata mstari mmoja wa msimbo haujaandikwa. Wakaafikiana mambo manne, na la kwanza ni kwamba watu na maelewano yao yana uzito kuliko taratibu na zana. Hawakusema zana ni bure. Walisema mizani ikilazimika kuinama, na iinamie kwa watu.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, timu inayotaka kufanya kazi kwa ajaili, yaani kwa hatua fupi fupi huku ikimsikiliza mteja na kujirekebisha, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: tununue programu gani? Linaandaliwa jedwali refu lenye alama za vema, programu moja kila safu. Naona jedwali hilo halisaidii sana, kwa sababu siku hizi karibu zote zina ubao, kadi na grafu. Swali ninaloliamini mimi ni jingine: programu hii ilizaliwa kutibu maradhi gani? Inaweza kukua, ikabadili rangi na kuongeza vitufe, lakini nasaba yake haijifichi.

Tuanze na maarufu kuliko zote. Je, wajua kwamba jina Jira limetoka kwa dubwana la sinema? Mwaka 1998 mradi wa Mozilla ulitoa Bugzilla, programu ya kuorodhesha hitilafu. Kampuni ya Atlassian ya Sydney, Australia, nayo iliitumia, na wafanyakazi wake wakaipachika jina la utani Gojira, ndivyo Wajapani wanavyomwita Godzilla. Walipotoa ya kwao mwaka 2002 silabi ya kwanza ikadondoka, ikabaki Jira. Kampuni yenyewe ilikuwa ya vijana wawili waliosoma chuo pamoja, Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar, na mtaji wao ulikuwa deni la kadi ya mkopo la dola 10,000.

Hapo ndipo ukoo unapojitokeza. Jira ilizaliwa ikiiona kazi kama hitilafu: mtu anaripoti, hitilafu inapewa namba, inakabidhiwa kwa fundi, inafungwa. Mtindo wa ajaili uliingizwa baadaye, kwa programu-jalizi iitwayo GreenHopper ambayo Atlassian waliinunua mwaka 2009. Kwa zaidi ya miaka 20, kila kilichoingia humo, liwe wazo jipya la mteja au kosa dogo la tahajia, kiliitwa kwa jina lile lile la tatizo lililoripotiwa. Kwa timu inayopokea malalamiko ya wateja kila siku, au ile ambayo mkaguzi atakuja kuuliza nani alibadilisha nini na saa ngapi, hiyo ni neema. Kwa watu wanne waliokaa chumba kimoja wakitafuta bado ni bidhaa gani hasa wanaitengeneza, ni kanzu ya mtu mzima aliyovikwa mtoto.

Nyingine zina ukoo tofauti. Trello ilitoka mwaka 2011 katika kampuni ya Fog Creek ya New York, ikiwa ubao na kadi tu, haijui kazi ni ya programu au ya harusi. Atlassian waliinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 425. Asana ilianzishwa na Dustin Moskovitz na Justin Rosenstein baada ya wao kutengeneza zana ya orodha za kazi ndani ya Facebook, na mpaka leo kila kazi humo hukabidhiwa kwa mtu mmoja tu. Basecamp ya mwaka 2004 ilitengenezwa na 37signals ya Chicago, waliokuwa wabunifu wa tovuti wenye shida ya kuwasiliana na wateja wao, ndiyo maana mazungumzo yamejaa humo kuliko grafu. Katika Basecamp ndimo ilimochomolewa Ruby on Rails, kiunzi cha kujengea programu za wavuti, na kwa Rails ikajengwa Redmine mwaka 2006, programu huria isiyo na ada. Redmine haikudai senti, ila inadai mtu wa kuitunza seva yake, na mtu huyo ana mshahara.

Je, wajua kwamba neno skramu lilifika ofisini kutoka uwanja wa raga kwa kupitia mashine za kunakili? Januari 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka walichapisha makala katika jarida la Harvard Business Review kuhusu kampuni zilizobuni bidhaa kwa haraka. Hawakuchunguza programu za kompyuta. Walichunguza mashine ya kunakili ya Fuji-Xerox, kamera za Canon, gari dogo la Honda. Waliona kwamba timu hizo hazikufanya kazi kama wakimbiaji wa kupokezana vijiti, ambako mmoja humaliza ndipo mwingine aanze. Zilisonga pamoja kama timu ya raga, mpira ukienda huku na kule. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliuchukua mfano huo, na mwaka 1995 wakauwasilisha kama utaratibu wa kutengeneza programu uitwao skramu, katika mkutano uliofanyika Austin, Texas. Mwongozo wao rasmi, toleo la mwaka 2020, haufiki kurasa 15. Muuzaji akikwambia bila kipengele chake fulani hamfanyi skramu, ufungueni mwongozo huo mbele yake. Ni kusoma kwa muda wa kikombe cha chai.

Ubao wenyewe na kadi zake una kisa kinachonigusa zaidi. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani ambako mnunuzi hujihudumia na rafu hujazwa kwa kadiri alivyochukua. Mwaka 1956 alikwenda Marekani akajionea mwenyewe. Kiwandani, kasha la vipuri lilifungwa kadi. Vipuri vikitumika, kadi inarudi nyuma, na hiyo kadi ndiyo ruhusa ya kutengeneza vingine. Hakuna kadi, hakuna kutengeneza. Kadi hiyo iliitwa kanbani, neno la Kijapani lenye maana ya bango.

Tazama basi kilichotokea. Kadi ya Ohno ilikuwa breki. Katika programu nyingi za leo kadi imekuwa kichochezi: yeyote anaongeza, wakati wowote, bila kikomo, na safu ya kazi zinazoendelea inajaa mpaka inabidi kuteremsha ukurasa ili kuiona yote. Watu wanaiona wingi huo kuwa bidii, na ndipo kazi zinapochelewa. Hili lina hesabu yake. Mwaka 1961 John Little, aliyekuja baadaye kuwa profesa wa MIT, alithibitisha kanuni ya foleni ambayo fundi yeyote anaweza kuitumia: idadi ya vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kutoka ikizidishwa kwa muda ambao kila kimoja hukaa. Timu yenye kazi 12 zilizoanzwa na inayomaliza 3 kwa wiki, kila kazi hukaa kwa wastani wiki 4. Kasi ikibaki ile ile na kazi zilizoanzwa zikashuka hadi 6, mteja anasubiri wiki 2. Hakuna aliyeongeza saa za kazi, hakuna aliyeajiriwa.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili. Naweka kikomo cha kazi tatu kwenye safu ya zinazoendelea, kisha naburuta ya nne. Jira huipokea kadi lakini safu hugeuka nyekundu. Wengine wanataka izuie kabisa. Mimi rangi nyekundu inanitosha, mradi ubao uko mahali ambapo timu nzima inauona asubuhi na mtu anauliza, jamani, hii ya nne imeingiaje? Programu isiyo na kikomo chochote siinunui kwa kazi ya timu.

Je, wajua alama zinazotumika kupima ukubwa wa kazi zilibuniwa ili kuwatuliza mabosi? Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, ameeleza kwamba mwanzoni walikadiria kwa siku kamili, yaani siku ambayo hakuna anayekusumbua. Siku moja ya namna hiyo ilichukua kama siku tatu za kalenda, na wakubwa wakawa wanauliza, mbona kazi ya siku moja inakula siku tatu? Basi wakaacha kusema siku, wakasema alama. Jeffries amesema huenda ndiye aliyezibuni, na kama ni yeye basi anajuta, kwa sababu zimegeuzwa kuwa fimbo. Grafu ya kulinganisha alama za timu moja na nyingine inavutia kwenye maonyesho ya wauzaji. Hailinganishi chochote. Tano ya timu hii si tano ya timu ile, na timu ikishajua inapimwa kwa alama, alama zitapanda wiki ijayo bila kazi kuongezeka.

Hata hivyo kuna mchezo wa alama ninaoutetea kwa moyo wote. Mwaka 2002 James Grenning alibuni kukadiria kwa kadi za pokeri: kila mtu huchagua namba yake kimya kimya, kisha wote hufunua kwa pamoja. Katika ofisi zetu, ambako mkubwa akishanena wengine hutikisa kichwa, kufunua kwa pamoja kunampa kijana aliyeajiriwa mwezi jana nafasi ya kuonyesha 13 wakati bosi ameonyesha 3. Mara nyingi kijana huyo ndiye aliyeufungua msimbo wenyewe na kuona uozo uliomo. Programu inayoonyesha makadirio ya mtu mmoja mmoja kabla wengine hawajapiga kura inaua kitu hicho hicho ilichonunuliwa kukifanya. Namba za kadi hizo, 1, 2, 3, 5, 8, 13, zina historia inayopita Afrika: Fibonacci, aliyeziandika Pisa mwaka 1202, alijifunza tarakimu tunazotumia leo akiwa kijana huko Bugia, bandari ya Aljeria ya sasa, ambako baba yake alihudumia wafanyabiashara.

Karatasi ndogo za kubandika ukutani, ambazo bado ni mpinzani mkubwa wa programu zote hizi, zilitokana na gundi iliyoonekana haifai. Spencer Silver wa kampuni ya 3M aliipata mwaka 1968 akitafuta gundi kali, ikawa gundi inayobanduka. Mwenzake Art Fry, mwimbaji wa kwaya aliyechoka na alama za kurasa kudondoka kwenye kitabu cha nyimbo, aliipatia kazi mwaka 1974.

Ukuta hauhitaji intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa kati ya zilizoumia zaidi. Wauzaji wa mbali hawakumbuki kuulizwa jambo hili, kwa hiyo liulize wewe: zima data kwenye simu, hamisha kadi, andika maoni, kisha washa. Kilichoandikwa kipo? Na ulizeni pia taarifa za wateja zinahifadhiwa nchi gani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, ya Tanzania ilitungwa 2022, na jina na namba ya simu ya mteja aliyelalamika viko ndani ya kadi.

Wingu, yaani seva za muuzaji zinazotunza data yako, nalo huanguka. Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 2022 Atlassian waliendesha hati ya kompyuta iliyokusudiwa kuondoa programu moja ya zamani kwenye akaunti za wateja. Hati ikapewa namba za akaunti zenyewe badala ya namba za programu ile. Kwa dakika 23 ikafuta akaunti za wateja 775. Kuzirejesha kulichukua hadi siku 14 kwa baadhi yao, na kampuni ikachapisha maelezo marefu ya kosa lake.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya majaribio, kabla hata ya kuchagua rangi za kadi, natafuta kitufe cha kutoa data yote. Napakua, nalifungua faili, naangalia: maoni yamo? Viambatisho? Tarehe kadi ilipohama safu hadi safu? Mara nyingi vichwa vya kazi hutoka salama na mazungumzo yote hubaki nyuma. Pivotal Tracker, iliyopendwa na timu za ajaili kwa zaidi ya miaka 15, ilitangaza Septemba 2024 kwamba inafungwa. Timu zilipewa hadi tarehe 30 Aprili 2025 kuhamisha vitu vyao.