DVD ya Harusi Inaonyesha Chenga kwenye Kompyuta? Usiitupe Bado

Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni kuna DVD moja au mbili zinazowekwa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni. Moja ni ya harusi, nyingine ni ya ntheo, nyingine ya mazishi ya mzee wa boma. Deki iliyokuwa ikizicheza iliharibika zamani. Sasa kijana anarudi kutoka chuoni na kompyuta ya mkononi, jamaa wanakusanyika ili wamwone na kumsikia susu tena, na kinachotokea ni picha ya miraba, inayokwama na kuruka. Mtu anasema DVD imekufa, na inaishia kutundikwa shambani kufukuza ndege.

Mara nyingi haijafa. Picha mbaya inaweza kutoka kwenye DVD yenyewe, kwenye kifaa cha kompyuta kinachosoma DVD, kwenye programu inayoichezesha, au kwenye skrini na nyaya zake. Kabla ya kumlipa fundi, fanya jaribio hili: weka DVD nyingine kwenye kompyuta hiyo hiyo, kisha uipeleke ile yenye shida kwenye kompyuta au deki ya jirani. Ikisumbua kila mahali, ni yenyewe. Ikiwa kila DVD inasumbua kwenye kompyuta yako, tatizo liko kwenye kompyuta.

Baada ya hapo, angalia ubaya wenyewe ukoje, kwa sababu kila kasoro ina sura yake.

Picha ikigawanyika kwa miraba, ikikwama na sauti ikikatika, kompyuta inashindwa kusoma. Geuza DVD uangalie upande unaong'aa. Huku kwetu vumbi halikosekani, iwe ni Mutomo, Mwingi au Kibwezi, na alama za vidole zenye mafuta hulishika vumbi hilo vizuri sana. Chukua kitambaa laini cha pamba, kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Habari kwenye DVD zimeandikwa kwa kuzunguka, kwa hivyo mkwaruzo unaofuata mzunguko huo huharibu sehemu ndefu mfululizo, lakini ule unaoukata mzunguko huharibu vipande vidogo tu ambavyo kompyuta inaweza kuviziba. Mafuta yakikataa kutoka, ongeza tone la sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, kausha. Petroli, mafuta ya taa na tina ya rangi huyeyusha plastiki. Dawa ya meno, ambayo watu huisifu sana, ina chembe za kusugua, na kwa mkono usio na uzoefu huongeza mikwaruzo.

DVD iliyorekodiwa na mpiga video wa mtaani ina hatari nyingine. Upande wake wa chini mara nyingi una rangi ya zambarau, kwa sababu picha huandikwa kwa kuunguza tabaka la rangi kwa mwale wa leza. Rangi hiyo huchoka kwa jua na joto. DVD iliyokaa dirishani au juu ya dashibodi ya matatu haiwezi kulinganishwa na ile iliyokaa ndani ya sanduku. Ukifuta ukamaliza na miraba bado ipo, na DVD haina mkwaruzo hata mmoja, huenda rangi imeanza kwenda. Hapo haraka inahitajika, na tutaieleza mwishoni.

Kuna picha isiyokwama, lakini mtu akitembea au akicheza, ukingo wa mwili wake unakuwa na mistari iliyolala, kama meno ya kitana. Hiyo si DVD mbovu. Televisheni za zamani za mgongo zilichora picha kwa zamu, mistari ya kwanza, ya tatu na ya tano, kisha ya pili, ya nne na ya sita, na kamera nyingi za harusi zilirekodi hivyo hivyo. Skrini ya kompyuta huonyesha zamu zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana mistari inaonekana. Dawa yake haina gharama. Ukiwa na programu ya VLC, ambayo hupatikana bure, bonyeza palipoandikwa Video, kisha Deinterlace, uchague On. Unaweza pia kubonyeza herufi D kwenye kibodi wakati filamu inacheza.

Tukiwa hapo kwenye VLC: Windows 8 na zile zilizofuata haziji na uwezo wa kucheza DVD katika kila kompyuta, kwa hivyo usishangae DVD ikikataa kabisa kufunguka. Weka VLC ujaribu tena. Na watu wakionekana wanene na wafupi, au wamenyooshwa kama mlingoti, bonyeza herufi A mpaka umbo lirudi sawa.

Ukungu wa jumla, yaani picha inayotiririka vizuri lakini haina makali, ndio unaolalamikiwa zaidi na ndio wenye dawa ndogo zaidi. DVD ya hapa kwetu ina nukta 720 kwa 576, jumla 414,720. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, yaani mara tano. Kompyuta inalazimika kubuni nukta nne kwa kila moja iliyopo. Usijaze skrini nzima. Punguza dirisha au sogeza viti nyuma, na sura zitatulia. Kuna pia suala la mpiga video. DVD ya kawaida, ya gigabaiti 4.7, hubeba takriban saa mbili za picha nzuri. Ukiomba harusi yote, kuanzia kumchukua bibi harusi hadi keki, iingizwe kwenye DVD moja, itaingia, lakini kwa kubanwa. Unapoagiza kazi nyingine, kubali kulipia DVD mbili, na uombe faili asilia kwenye flashi.

Ikiwa picha inasuasua bila miraba, angalia kompyuta. Ikitumia betri hujipunguzia nguvu, kwa hivyo ichomeke kwenye stima. Funga programu nyingine. Kama fundi aliweka Windows upya hivi karibuni, muulize kama aliweka pia programu endeshi ya skrini. Hilo husahaulika mara nyingi. Kifaa cha nje cha kusomea DVD, kile cha kuchomeka kwa USB, huhitaji umeme wa kutosha. Ukikiunganisha kwa waya mrefu au kwenye kigawanyaji cha USB, kinaweza kukosa nguvu na kuanza kuruka. Kichomeke moja kwa moja.

Rangi nazo husema. Kanisani au shuleni, projekta ikionyesha kila kitu kwa manjano, zambarau au kibuluu, usiguse DVD. Waya ule wa buluu wenye vipini 15 hupitisha rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa kipini chake. Kipini kimoja kikipinda, rangi moja hukosekana: buluu ikipotea picha huwa ya manjano, kijani kikipotea huwa ya zambarau. Chomoa, angalia vipini, rudisha na ukaze skrubu. Na kama nyuso zinaonekana nyeusi tii kwenye kompyuta ya mkononi, inamisha skrini kidogo kabla ya kulaumu chochote.

Sasa lile la haraka. DVD ya familia ikicheza leo, hata kwa shida, inakili leo. Ifungue kwenye kompyuta bila kuicheza, utaona folda iitwayo VIDEO_TS. Nakili folda nzima hadi kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi ya gigabaiti 8. DVD ya kawaida inatosha humo. Faili moja ikikataa, nakili zilizobaki moja moja, kisha jaribu ile iliyogoma kwenye kompyuta nyingine, kwani vifaa havilingani uwezo wa kusoma. Weka nakala ya pili kwa ndugu anayeishi mbali na hapo, Nairobi au Mombasa. Hii ni kwa video zenu wenyewe. DVD za wanamuziki na filamu za kuuzwa zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na kuzinakili kwa ajili ya kuuza ni kosa.

Ukifika kwa fundi, baki hapo anaponakili, na uondoke na DVD yako mkononi.