AVC: tusikimbilie kumpa mgonjwa maji
Mimi ni mtu wa mashamba, lakini baba mdogo alipopigwa na AVC nilijifunza jambo. Tulimpa maji haraka. Akakohoa, kiisha homa ya mapafu ikamshika. Juu ya nini? Kumeza kunaongozwa na shina la ubongo, pale nyuma juu ya shingo, pamoja na gamba la ubongo pande zote mbili. Damu ikikosa kufika huko, koo inachelewa kufunga njia ya hewa. Maji yanakimbia kuliko uji mzito, njo maana yanaponyokea mapafuni. Wengine hata hawakohoi. Basi asile, asinywe, hata dawa, mpaka muuguzi apime anavyomeza. Wengi hupona, maana upande mzima wa ubongo hujifunza kazi hiyo.