Benchi la Zahanati: Tunavyopokewa na Tunavyostahili Kupokewa



Siku za kliniki, benchi za zahanati nyingi za Kwale hujaa kabla jua halijapanda. Wapo mama waliobeba watoto wa chanjo, wapo wajawazito walioshika vitabu vyao vya kliniki, na wapo wazee wa presha na sukari waliokuja kuchukua dawa za mwezi. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumekaa juu ya benchi hizo, mara kwa ajili ya nafsi zetu, mara kwa ajili ya wazazi na watoto wetu. Tumepata huko mema ya kushukuru na mazito ya kuhuzunisha. Wiki hii tumeona tuyaseme yote mawili, kwani yako maisha ya watu yanayotegemea jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni namna mgonjwa anavyopokewa mlangoni.

Safari na sababu za kuchelewa

Kaunti yetu ni pana. Anayeishi Ukunda au Diani huita tuk-tuk akafika kituo cha afya kwa muda mfupi. Anayeishi kisiwani Wasini sharti avuke kwa chombo hadi Shimoni, kisha ashike barabara ya kwenda Msambweni. Ndugu zetu wa Ndavaya na Puma, huko bara ya Kinango, hupanda bodaboda katika njia za vumbi wakati wa kiangazi na za matope wakati wa masika. Na maradhi yakizidi uwezo wa Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, mgonjwa hupelekwa Mombasa, Hospitali Kuu ya Pwani tuliyozoea kuiita Makadara. Kwa miaka mingi safari hiyo ilimaanisha kungojea feri Likoni. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu imewafungulia wengi njia nyingine.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama wajawazito wakaonyesha kuwa kuchelewa ni kwa namna tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani kwamba mgonjwa aende hospitali. Pili ni kuchelewa njiani. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpangilio huu umewafaa wakunga na madaktari ulimwenguni kote, nasi unatufaa pia.

Watu wakizungumza habari za afya huku kwetu, mara nyingi hutaja barabara, ambulensi na dawa. Hayo ni kweli na yanahitajiwa. Lakini kuchelewa kwa kwanza, kule kwa nyumbani, hutokana pia na kumbukumbu. Mke hukumbuka alivyojibiwa safari iliyopita. Mavyaa hukumbuka jinsi mkaza mwana wake alivyofokewa. Mume aliye baharini au kazini hotelini akipigiwa simu husema, tungojeeni kidogo tuone. Basi wote hungoja, na maradhi hayangoji.

Tuliyoyaona

Tunamjua mama mmoja aliyekwenda kuanza kliniki mimba yake ikiwa imekua. Katika zahanati ambayo hatutaitaja, aliulizwa kwa sauti mbele ya foleni nzima kwa nini amechelewa, na kwa nini anazaa tena ilhali mdogo wake hajaacha kunyonya. Hakujibu neno. Alijifunga leso yake, akarudi nyumbani, na miezi iliyosalia hakukanyaga tena pale. Usiku damu ilipomjia, watu wa nyumbani walishauriana kwa muda mrefu, kwani yeye mwenyewe alikuwa akiwasihi wasimpeleke. Mama alipona kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mtoto hakuwahi.

Tunamjua pia mzee wa Kidigo aliyeandikiwa dawa za presha. Alielezwa haraka haraka kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, naye kwa adabu zake akaitikia "naam" kila alipoulizwa kama ameelewa. Alichokielewa ni kwamba dawa ni ya kunywa kichwa kinapouma. Alizitumia hivyo kwa muda mrefu hata siku moja upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi, wala hakuna aliyehakikisha kwamba ameelewa.

Na tumeyaona ya kheri. Tulimwona muuguzi kijana akivuta pazia kabla ya kumpima mama, akamsabahi kwa Kidigo, akamweleza kila atakalolifanya kabla ya kuligusa jambo lolote. Kisha akamwomba mama yule arudie kwa maneno yake mwenyewe namna atakavyozitumia dawa. Kazi hiyo yote haikuchukua muda mrefu kuliko ya wenziwe. Mama alitoka akitabasamu, na wiki iliyofuata alikuja na jirani zake wawili.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, yaani apewe tu, asisumbuliwe kwa maswali. Nyumbani ni usemi wa huruma. Katika chumba cha tabibu mambo ni kinyume: mgonjwa sharti aulizwe, naye sharti aulize.

Sheria inasemaje

Wengi wetu hudhani kuwa kupokewa vizuri ni hisani ya mhudumu. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi, na inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeendelea mbele zaidi. Inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Inalinda siri za mgonjwa. Inampa pia haki ya kuwasilisha malalamiko juu ya namna alivyotendewa, na malalamiko hayo yachunguzwe.

Kwa hiyo mzee wetu yule alikuwa na haki ya kuelezwa kwa Kidigo, na wa Kinango ana haki ya kuelezwa kwa Kiduruma. Na mama aliyetahayarishwa mbele ya watu alikuwa na haki ya kusitiriwa. Anayelalamika kwa adabu, akaonana na msimamizi wa kituo au akaandika barua, hafanyi utovu wa heshima. Anawasaidia watakaokaa kwenye benchi lile baada yake.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 mamlaka mpya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha hakuna malipo, na huweza kufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#. Aliyejiandikisha hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila kutakiwa mchango, kwani huduma hizo zina mfuko wake. Mchango huhitajika kwa matibabu ya hospitali kubwa, kama vile kulazwa, na kiwango cha chini kabisa kwa nyumba ni shilingi 300 kwa mwezi. Tunawahimiza wasomaji waandikishe nyumba nzima, wazee na watoto pamoja, kabla maradhi hayajabisha hodi.

Na wahudumu je?

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Muuguzi anayefoka saa saba mchana huenda amehudumia watu tangu alfajiri bila ya kukaa kitako. Huenda yeye ndiye anayechanja, anayezalisha, anayegawa dawa na anayejaza madaftari. Mwaka 2017 wauguzi wa nchi hii waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai haki zao za kazi, na walioumia zaidi walikuwa ni maskini wasioweza kwenda hospitali za kulipia. Dawa zinapokosekana rafuni, si nesi aliyezificha, lakini ndiye anayesimama mbele ya mama kumwambia akanunue dukani.

Hayo hayahalalishi kumtusi mgonjwa. Yanatukumbusha tu kwamba salamu njema ni deni la pande zote mbili. Mgonjwa anayeingia kwa kumsabahi mhudumu, na anayeshukuru anapotoka, naye anajenga kituo.

Uuguzi una heshima ya kale katika Uislamu. Bibi Rufayda al-Aslamiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwauguza majeruhi zama za Mtume (s.a.w.), na hema lake lilipigwa msikitini Madina wakati wa vita vya Khandaq. Sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa, huko ndiko alikopelekwa. Kwa hiyo mzazi anayemzuia binti yake kusomea uuguzi kwa kuona si kazi ya mtoto wa Kiislamu, na autazame mfano huo. Chuo cha mafunzo ya utabibu kipo hapa hapa Msambweni. Tukitaka mama zetu wapimwe na wanawake wanaoijua lugha yao na stara yao, basi wanawake hao sharti watoke katika nyumba zetu.

Yaliyo mikononi mwetu

Yako mambo ambayo hayangoji serikali wala bajeti.

Kwanza, mgonjwa asiende peke yake ikiwezekana. Mtu wa pili husikia yale ambayo mgonjwa kwa hofu hakuyasikia, na huweza kufasiri. Kitabu cha kliniki, kadi na dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, zichukuliwe na zionyeshwe. Kuficha dawa za kienyeji kwa kuogopa kukemewa ni hatari, kwani dawa nyingine hugombana mwilini.

Pili, mgonjwa asitoke chumbani bila majibu ya maswali haya: Ninaumwa nini? Dawa hii ninywe vipi, na kwa muda gani? Ni dalili gani zikinijia nirudi mara moja? Na mwezi wa Ramadhani ukikaribia, wenye sukari, wenye presha na wajawazito wamuulize tabibu mapema, wala wasijipunguzie dawa wenyewe.

Tatu, stara ni haki. Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, au awe na mwenziwe chumbani. Akikosekana mhudumu wa kike na hali ni ya dharura, wanavyuoni wametufundisha kuwa dharura ina hukumu yake. Haya ni pambo, lakini haya isiyomruhusu mama kuonyesha jeraha humgharimu uhai. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Nne, kila nyumba yenye mjamzito ifanye uamuzi mapema. Chombo au gari liwe limeshaagizwa, akiba iwekwe kando, na mume atoe ruhusa yake kabla, ili siku ya hatari mtu asitafutwe kwa simu. Dalili za kutongojwa ni kutoka damu, maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Zikionekana hizo, safari ianze saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Tano, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita mitaani wapokewe. Hao hutembea na vipimo vya presha na sukari, na wengi ni majirani zetu wanaozungumza lugha yetu. Aliyeumizwa na maneno ya zahanati huweza kuanzia kwao, wamrudishe njiani.

Mama yule tuliyemtaja alishika mimba nyingine baadaye. Alirudi kliniki mapema, si kwa sababu barabara ilitengenezwa wala kwa sababu dawa ziliongezeka, bali shoga yake mmoja alimwahidi kukaa naye benchini kila tarehe ya kliniki, na akaitimiza ahadi hiyo. Katika kila mtaa wa Kwale yuko mama anayemhitaji mwenzi wa namna hiyo. Tunawaomba wasomaji wetu wamtafute wiki hii hii, wasingoje aombe.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awalinde wajawazito na watoto wao, na awalipe kheri wote wanaowahudumia kwa upole. Amin.