Kingolwira mpaka Mtwara kwa pikipiki: panga pa kulala kabla ya kupanga kilometa

Swali hili limerudi mara nyingi kwenye simu za kipindi tangu mvua za masika zilipokatika: je, kwa pikipiki ya kawaida, hii hii ya kubebea abiria, mtu anaweza kutoka hapa Kingolwira akafuata pwani mpaka Mtwara, akalala njiani kwenye hema, halafu akarudi salama? Jibu ni ndiyo. Lakini hewani dakika ni chache, na maandalizi yenyewe ni mengi. Ndiyo maana tumeyaandika hapa, uyasome taratibu.

Tuanze na njia. Unatoka Kingolwira, unapita Mikese na Bwawani mpaka Chalinze, unakata kushoto kuelekea Msata, kisha unashuka Bagamoyo. Hapo umeshaiona bahari na umekwenda kama kilometa 175. Kutoka Bagamoyo unapita Dar es Salaam na kushika barabara ya Kilwa: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, Somanga, Nangurukuru, Kilwa Masoko, Lindi, na mwisho Mtwara. Wakati wa kurudi unapita Dar na Chalinze moja kwa moja, bila kuzunguka Bagamoyo. Jumla ya kwenda na kurudi ni takriban kilometa 1,600.

Watu wengi wakiiona namba hiyo huanza kugawa: 1,600 kwa siku nne, kilometa 400 kila siku, tumemaliza. Hapo ndipo safari inapoharibika. Pikipiki yenye mzigo, kwenye barabara yenye malori, ukiweka na muda wa kula, kujaza mafuta, kusimamishwa na trafiki na kunyoosha mgongo, wastani wake hauzidi sana kilometa 35 au 40 kwa saa. Halafu hema halisimamishwi gizani. Kabla ya giza unatakiwa uwe umefika kijijini, umesalimia, umeomba ruhusa, umeonyeshwa mahali, umechota maji. Kwa hiyo ondoka saa 12 asubuhi, na ikifika saa 9 alasiri uwe umeshaanza kutafuta mwenyeji. Siku ya namna hiyo ipangie kilometa 200 hivi tu. Anayekwambia yeye alifika Mtwara kwa siku moja simbishii, ila huyo hakulala hemani, na bahari aliisikia tu.

Ukipanga hivyo, vituo vinajipanga vyenyewe. Usiku wa kwanza Bagamoyo, wa pili Kibiti, wa tatu Kilwa Masoko, wa nne Lindi, wa tano Mtwara. Kurudi ni siku nne, na weka siku moja ya akiba. Jumla ni siku 10.

Siku 10 ni za nani?

Hapa nataka tuzungumze bila kuoneana haya. Pikipiki nyingi za vijana wetu ni za mkataba. Mwenye pikipiki anasubiri hesabu yake, na siku ukiwa Kilwa unapiga picha, hesabu haijasimama. Zidisha hesabu yako ya siku mara 10, na hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya safari, kabla hujanunua hata lita moja ya petroli. Mwambie mmiliki mapema, mkubaliane, na kwa sababu ni nje ya mkoa, muandikishane karatasi hata ya mstari mmoja yenye sahihi zenu. Pikipiki ikipata shida Somanga na mwenyewe alikuwa anajua uko Msamvu, hilo halitaishia kijiweni.

Angalia pia bima. Wengi tuna bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Hiyo humlipa uliyemgonga au uliyemharibia mali. Pikipiki yako ikiingia mtaroni, haikulipi kitu. Kwa hiyo mtu anayesafiri na bima ndogo amebeba hasara yote ya chombo mabegani mwake, na chombo hicho ndicho kinacholipa ada na unga wa nyumbani. Hakikisha bima haiishii katikati ya safari. Leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki au nakala yake, na kitambulisho cha NIDA viweke kwenye mfuko wa nailoni usioingiza maji, uvae mwilini, visikae kwenye begi la nyuma.

Mafuta

Kwa pikipiki ya cc 150 iliyotunzwa, ikiwa na mzigo, kadiria kilometa 40 kwa lita. Hizo ni lita 40 kwa safari nzima, ongeza 5. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei za mafuta yanayoshushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara huwa hazilingani, kwa hiyo piga bajeti yako baada ya tangazo hilo. Kuna kitu kingine wachache hukihesabu: upepo. Kuanzia Juni mpaka Septemba pwani inavuma kusi, unaotoka kusini. Ukienda Mtwara unaupiga kifua, mafuta yanakwenda zaidi, ukirudi unakusukuma.

Jaza tangi Ikwiriri kabla ya kuvuka Rufiji, hata kama sindano inaonyesha nusu. Petroli ya kwenye chupa za barabarani iwe ya dharura tu, maana hujui imechanganywa na nini.

Na dumu la akiba? Kwa njia hii ya lami halihitajiki. Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kufundishwa petroli ni kitu gani. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wengi wenu mnaosoma hapa mlizika. Sasa fikiria dumu la lita tano limefungwa pembeni ya hema, na hatua mbili kutoka hapo mtu anachochea jiko la mkaa apike ugali. Mvuke wa petroli hauonekani na hutambaa chini. Kama lazima ubebe, pikipiki na dumu vikae mbali na jiko, upande ambao upepo unaelekea, na usijaze tangi usiku kwa mwanga wa kibatari au mshumaa.

Pikipiki yenyewe

Usinunue kitu chochote cha kambi kabla fundi hajaipitia pikipiki. Oili ibadilishwe kabla ya kuondoka, na kila asubuhi uipime kabla ya kuwasha. Cheni na sproketi ndizo zinazoangusha watu safari ndefu: meno yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, badilisha seti nzima, usibadilishe cheni peke yake, kwani sproketi mbovu itaila cheni mpya ndani ya siku chache. Tairi la nyuma lililoisha usilipeleke kwa matumaini. Spoki zigongwe moja moja kwa spana. Inayotoa mlio wa kulegea ikazwe. Brekishuu, taa ya mbele, indiketa, vioo vya pembeni vyote viwili. Kwenye barabara kuu ya kwenda Chalinze kioo cha kulia ni uhai, kwa sababu malori ya Zambia na Kongo yanakupita karibu, na upepo wake unakuvuta kuelekea katikati ya barabara.

Vya kubeba: tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, viraka na gundi, pampu ndogo, vyuma vya kutolea tairi, spana za namba zinazotumika kwenye pikipiki yako, plagi moja, waya wa klachi, kiungo cha cheni, na balbu. Muhimu zaidi, uwe umeshatoa tairi la nyuma kwa mikono yako mwenyewe walau mara moja ukiwa hapa nyumbani, fundi akikuangalia. Kati ya daraja la Mkapa na Somanga huenda usimpate fundi kwa haraka.

Mzigo sasa. Vitu vizito vikae chini na karibu na kiti, vyepesi juu na nyuma. Ukirundika kila kitu mwisho wa keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza ukifika kilometa 60 kwa saa. Funga kwa ile mipira ya tyubu kuukuu, kisha vuta kila kamba kuhakikisha hakuna ncha inayoning'inia karibu na cheni. Jumamosi moja kabla ya safari, pakia kila kitu, nenda Mikese urudi. Kitakacholegea kitalegea hapo, karibu na nyumbani.

Kulala pwani

Huku kwetu milimani ukitafuta mahali pa kulala unaogopa mvua na mteremko. Pwani kuna jambo jingine: bahari inatembea. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda juu zaidi kuliko siku nyingine. Mchanga uliolala mkavu mchana unaweza kuwa chini ya maji saa 10 usiku. Tafuta ule mstari wa mwani mkavu na takataka ulioachwa na bamvua iliyopita, kisha panda juu yake, kwenye nyasi. Muulize mvuvi yeyote, atakuonyesha kwa kidole.

Usifunge hema chini ya mnazi. Kivuli chake ni kizuri, lakini nazi inayodondoka usiku haichagui. Usilale kando ya mito Wami na Rufiji wala kwenye mabwawa yake. Huko kuna mamba na viboko, na kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Ndiyo maana usiku wa Kibiti nakushauri kabisa ulale gesti. Mtu haishi hemani siku 10 mfululizo. Gesti moja moja inakupa nafasi ya kufua, kuchaji simu na kulala ukiwa umefunga mlango.

Mahali pengine, fika kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji. Jitambulishe, onyesha kitambulisho, eleza unakotoka na unakokwenda. Mgeni aliyejitambulisha ni mgeni wa kijiji kizima. Mgeni aliyejificha vichakani ni mtuhumiwa, na usiku huo utakutana na mgambo au sungusungu. Ukikuta dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, omba kulala karibu nao. Wanaijua bahari, na mara nyingi kuna samaki. Bagamoyo na Uzaramoni utashangaa jinsi Kikwere na Kizaramo vinavyokaribiana na Kiluguru chetu; salamu ya kwetu tu imewahi kumpatia mtu chai.

Hema la bei ndogo linatosha kwa msimu wa kiangazi. Kama huna, turubai, kamba, mkeka na chandarua vinafanya kazi hiyo hiyo kati ya miti miwili. Vigingi havishiki mchangani, kwa hiyo jaza mchanga kwenye mifuko ya sandarusi, funga kamba hapo, uifukie. Mlango uutazamishe kaskazini wakati wa kusi. Chandarua si cha hiari: kwenye mikoko mbu wanaanza kazi jua likizama. Maji ya kunywa beba lita tatu kila unapoondoka, kwa sababu visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi.

Lini uende, na lini usiende

Juni mpaka Septemba ndio msimu. Masika usijaribu. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Kilwa, na mabasi na malori yakakwama. Kama gari kubwa limekwama, wewe na hema lako utakaa wapi? Kila asubuhi sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kufunga mzigo.

Dar es Salaam ipite asubuhi ya Jumapili ukiweza. Kutoka Bagamoyo pita Mwenge, Ubungo, kisha barabara ya Mandela mpaka uikute barabara ya Kilwa, bila kuingia Posta. Njia za mwendokasi si zako, hata zikiwa tupu.

Ukifika Kilwa Masoko, usiondoke kesho yake bila kuvuka kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani. Kibali kinatolewa pale mjini. Magofu yake na ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Pikipiki iache kwa mwenyeji, na uiache imefungwa mnyororo.

Nyumbani acha karatasi yenye majina ya vituo vyako na tarehe. Kila jioni piga simu saa moja mliyokubaliana. Kitochi kinafaa kuliko simu kubwa, kwa sababu chaji yake inakaa siku kadhaa. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya zimamoto na uokoaji ni 114. Ukirudi Kingolwira, kabla hata ya kusimulia, osha pikipiki yote kwa maji baridi ya bomba, chini na kwenye spoki, kisha paka cheni oili. Chumvi ya bahari huendelea kula chuma hata pikipiki ikiwa imeegeshwa uani.