Zebaki: Majina Mengi, Sumu Moja

Sisi tunaokaa karibu na machimbo ya dhahabu tunaijua zebaki. Hung'aa kama fedha, lakini humiminika kama maji. Tena ni nzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya zebaki ina uzito wa zaidi ya kilo 13!

Je, jina hili limetoka wapi? Waswahili tumelipata kwa Waarabu, na Waarabu walilipata kwa Waajemi. Wagiriki wa kale waliita hidrajiro, maana yake fedha ya maji. Ndiyo maana wataalamu wa dunia nzima huiandika kwa alama Hg. Wachina nao huiita shuiyin, yaani maji na fedha.

Warumi waliiita fedha iliyo hai. Kwa nini? Ukiimwaga mezani, vitone vyake hukimbia huku na huku kama wadudu. Baadaye Waingereza waliiita Mercury, jina la mungu wa Warumi aliyekuwa mjumbe mwenye mbio.

Basi tutazame majina hayo. Maji, fedha, uhai, mbio. Yote yanasifu yale yanayoonekana kwa macho. Hakuna hata moja linalosema: sumu.

Na sumu yake haionekani. Mchenjuaji akichoma bonge la dhahabu na zebaki, zebaki hugeuka mvuke. Mvuke huo hauna harufu. Ukiuvuta, huharibu ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika kabla hajazaliwa.

Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga baharini taka zenye zebaki. Watu walikula samaki wa hapo. Mwaka 1956 ugonjwa wao ukatambuliwa. Wengi walipooza, wengine walikufa. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha mkataba wa kupunguza zebaki, ukapewa jina la mji huo.

Tufanye nini? Tusichome zebaki ndani ya nyumba, wala katika sufuria ya kupikia. Tutumie chombo cha kufunika kinachonasa mvuke. Watoto na akina mama wajawazito wakae mbali. Tusimwage mabaki mtoni wala kisimani.

Wazee walisema: vyote ving'aavyo usidhani dhahabu. Wewe umesoma habari hii. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma.